Kiputo cha hewa ndani ya moyo: kinaingilia wapi, kinaenda wapi, na kinashughulikiwa aje

Ankol wangu alikuwa plumba wa Umoja na Kayole kwa zaidi ya miaka 30, na siku alipopewa fomu ya kusaini kabla ya ablesheni ya moyo, yaani kuchoma ama kugandisha nyama inayovuruga mapigo, mstari uliomshika haukuwa ule wa kuvuja damu wala ule wa kiharusi, ni ule uliosema hewa inaweza kuingia kwa mishipa. Anti akashtuka, akanigeukia, "Kwani hewa si ndio tunapumua kila siku? Sasa itamdhuru aje?" Kabla nifungue mdomo ankol akasema, "Hiyo ni eyaloki." Nikaona huyu mzee ameelewa haraka kuliko wanafunzi wengi ambao nimewahi kufundisha.

Ukiishi Eastlands unaijua hiyo kitu. Maji ya mgao yanakatika siku 3, siku 4, alafu yanarudi usiku wa manane, unafungua mfereji unaanza kukohoa, unatema hewa kwanza ndio maji yafuate. Na kuna siku tanki iko juu imejaa kabisa lakini chini hakuna tone, unapanda unakagua hakuna uchafu umeziba, ni hewa tu imejikusanya kwa kona ya paipu, maji yanaisukuma lakini badala ya kusonga inajibana hapo hapo. Sasa chukua hiyo paipu uifanye nyembamba kuliko unywele, uiweke kwa ubongo ama kwa msuli wa moyo. Kiputo kinasafiri na damu mpaka kifike mahali mshipa umekuwa mwembamba kuliko chenyewe, kinakwama, damu ya nyuma haipiti, na nyama ya mbele inakosa oksijeni. Na sio kuziba peke yake, kinakwaruza ile ngozi laini ya ndani ya mshipa, mwili unadhani kuna kidonda unaleta chembe za kugandisha damu, mshipa unavimba, kwa hivyo hata kiputo kikishayeyuka shida inaweza kubaki nyuma kwa masaa.

Mimi ni nesi, nimefanya kazi kathilabu, chumba cha kutibu moyo kwa mirija, hapa Nairobi, na hii mada naipenda kuifafanua polepole juu familia nyingi huambiwa sentensi moja tu kwa korido alafu wanaachwa na hofu yao.

Kwanza tutoe hofu moja njiani. Kale kakiputo unakaona kwa mpira wa dripu ukiwa umelazwa, kale kanafanya watu waite nesi kwa kelele, kwa kawaida hakana shida. Dripu inaingia kwa vena, na vena zote zinarudisha damu upande wa kulia wa moyo, alafu moyo unaituma kwa mapafu. Mapafu ni chujio. Kiputo kidogo kinakwama huko, hewa inayeyuka polepole inatoka na pumzi, maisha yanaendelea. Ili hewa ya upande huo imuue mtu mzima inakadiriwa lazima iingie mililita 200 mpaka 300 tena kwa haraka, hiyo ni karibu nusu ya chupa ya maji ya nusu lita. (Ingawa karibu mtu 1 kati ya 4 ana kitundu kidogo kwa ukuta wa kati wa moyo ambacho hakikufunga vizuri baada ya kuzaliwa, na wengi hawajui, ndio maana sisi hutoa vile viputo hata kama ni vidogo.)

Upande wa kushoto hesabu ni nyingine kabisa. Damu ikishatoka kwa mapafu ikaingia chumba cha juu cha kushoto, mbele yake hakuna chujio tena, ni mkuu wa mishipa, aota, na matawi yake ya kwanza kabisa ni yale yanayolisha moyo wenyewe, alafu yanafuata yanayopanda kichwani. Huko nusu mililita ya hewa ikiingia kwa mshipa wa moyo inatosha kuleta balaa, na mililita 2 ama 3 kwa ubongo zinaweza kuua.

Na ablesheni ya mapigo kama ya ankol inafanyiwa upande huo huo wa kushoto.

Shida yake ilikuwa ile ya chumba cha juu cha moyo kutetemeka ovyo badala ya kupiga kwa mpangilio, moyo unakimbia, mtu anachoka akipanda ngazi, na damu inatuama kwa kile chumba inaweza kuganda ikaleta kiharusi. Hapa kwetu wagonjwa wengi wa hii shida ni vijana, hasa akina mama, ambao valvu zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi wakiwa watoto, wale tunakimbilia kila mwaka kwa Mater Heart Run. Ankol valvu zake zilikuwa sawa, yake ni presha ya muda mrefu. Mwaka 1998 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, wakiongozwa na Michel Haïssaguerre, walionyesha kwamba cheche nyingi zinazowasha hii fujo zinatoka ndani ya vena zinazoleta damu kutoka mapafuni, pale zinapoingilia chumba cha kushoto. Ukichoma ama ukigandisha duara ya nyama kuzunguka ile milango, cheche zinakosa njia. Shida ni kufika huko. Daktari anaingilia kwa vena ya kinena, anapanda mpaka upande wa kulia wa moyo, alafu anatoboa ule ukuta wa kati kwa sindano ndefu anavuka kushoto. Kwa lile tundu anapitisha mrija wa nje, na ndani ya mrija ndio katheta, mirija myembamba zaidi ya kupima na ya kuchoma, zinaingia na kutoka. Yaani kwa masaa mawili matatu mgonjwa ana paipu wazi, mwisho mmoja uko mikononi mwa daktari hapo kinenani na mwisho mwingine uko ndani ya chumba cha kushoto cha moyo. Mlangoni kuna valvu ya mpira ya kuzuia damu isitoke na hewa isiingie, lakini valvu ni mpira tu.

Niliwahi kumpigia ankol hesabu kwa kikaratasi, vile plumba anapenda. Mrija wenye tundu la milimita 2.8 na urefu wa sentimita 63 unabeba karibu mililita 4, hata kijiko cha chai hakijai. Kwa hivyo mtu akisahau kuujaza maji ya chumvi kabla ya kuuingiza, hewa iliyo ndani peke yake ni mara 8 ya ile nusu mililita. Na siku hizi kuna mirija mipana zaidi, ile ya baluni ya kugandisha na ile ya teknolojia mpya ya mapigo ya umeme, kwa nje ni kama milimita 5 ama zaidi kidogo, hiyo inahitaji uangalifu mara mbili.

Lakini kusahau kujaza si ndio njia inayotokea sana kwa timu yenye uzoefu. Njia ya kwanza ni haraka. Ukichomoa katheta kwa kasi, inafanya kazi ya pistoni ya sirinji, inaacha nafasi tupu nyuma yake na ile nafasi lazima ijazwe na kitu, kama damu haijawahi basi hewa itapenya kwa valvu. Ndio maana ukimwangalia daktari mzuri akitoa katheta utadhani amesinzia. Anaitoa pole pole, anashusha kichwa cha mrija chini kuliko usawa wa moyo, wengine wanakizamisha kabisa ndani ya bakuli la maji ya chumvi, alafu anavuta damu kwa sirinji mpaka aone hakuna kiputo hata kimoja, ndio anasukuma maji. Kuvuta kwanza, kusukuma baadaye. Ukigeuza hiyo mpangilio umejipigia hewa mwenyewe. Njia nyingine ni mifuko ya dripu inayopitisha maji yenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa mirija muda wote, mfuko ukiisha bila mtu kuona, ama mtu aweke mfuko mpya bila kutoa hewa kwanza.

Alafu kuna pumzi ya mgonjwa mwenyewe, na hapa ndipo nataka watu wasimame kidogo, juu hii ndio sehemu ambayo familia inaweza kusaidia. Mtu akipewa dawa ya usingizi mwepesi, koo linalegea, anaanza kukoroma, njia ya hewa inaziba, na mwili unavuta pumzi kwa nguvu dhidi ya mlango uliofungwa. Kifua kinageuka pampu ya kunyonya. Presha ndani ya chumba cha kushoto, ambayo kwa mtu aliyelala njaa tangu jana tayari iko chini, inashuka chini ya ile ya chumba mlicho ndani, na kama wakati huo valvu imefunguka kidogo, hewa inanyonywa ndani vile unanyonya soda kwa mrija. Anti alikuwa ameketi hapo ananisikiliza, akasema tu hivi kama mtu anaongea na mkoba wake, "Huyu hukoroma mpaka majirani wanajua, na saa ingine ananyamaza kabisa mpaka namgusa ndio arudi." Hakuna mtu alikuwa amemuuliza, na yeye hakudhani ni ya kuambiwa daktari wa moyo. Tukaenda tukamwambia. Mpango ukabadilishwa, ankol akawekwa mpira wa kupumulia na usingizi kamili, mashine inasukuma hewa kwa mapafu badala ya yeye kuvuta, kwa hivyo ile pampu ya kunyonya ikatolewa kwa hesabu, na dripu ikaongezwa kidogo ili presha ya kile chumba isishuke sana.

Sasa tuseme hewa imeingia. Hii inatokea kwa chini ya mtu 1 kwa kila 100 wanaofanyiwa, lakini niliwahi kuwa chumbani siku moja, hospitali na mtu sitawataja. Mgonjwa alikuwa na usingizi mwepesi, anakoroma, katheta imetoka ibadilishwe, akavuta pumzi moja ndefu yenye kukwama katikati. Haikupita hata nusu dakika. Kwa monita, ile sehemu ya mstari inayofaa kulala chini baada ya kila pigo ikainuka kama paa la kibanda, kwa lidi ya 2 na ya 3, yaani mistari ya monita inayotazama moyo kutoka chini, mapigo yakatoka 78 yakaenda 34, presha ikaanguka, na mgonjwa akafungua macho akasema, "Sista, kifua."

Kwa nini lidi hizo? Ni ile ile eyaloki. Hewa hupanda juu. Mgonjwa amelala chali, na mshipa wa moyo wa kulia unachipuka kutoka sehemu ya mbele ya aota, yaani kwa mtu aliyelala hapo ndipo juu kabisa. Kiputo kinapenda huko. Na mshipa huo ndio unaolisha sehemu ya chini ya moyo pamoja na ile mitambo ya umeme inayoweka mwendo wa mapigo, ndio sababu moyo unakuwa polepole ghafla. Ukijua hilo hutapoteza muda ukidhani mgonjwa amepata damu iliyoganda ama umemtoboa moyo, ingawa hilo la kutoboa lazima likaguliwe kwa eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, palepale.

Daktari alisema neno moja, "Hewa," na kila mtu akajua kazi yake. Mlango wa mrija ukafungwa, pampu za maji zikasimamishwa, hakuna kusukuma kitu chochote ndani, na kilichomo kikavutwa nje kwa sirinji. Mimi nilifungua oksijeni asilimia 100. Hii watu hudhani ni ya kumsaidia mgonjwa kupumua tu, lakini ina kazi nyingine ya ndani, hewa ya kawaida ni nitrojeni asilimia 78, kwa hivyo kiputo ni nitrojeni zaidi, na ukimpa mtu oksijeni tupu damu yake inaishiwa nitrojeni, basi ile ya ndani ya kiputo inaanza kutoka kuingia kwa damu na kiputo kinanywea. Kwa sababu hiyo hiyo kama mgonjwa alikuwa anapewa ile gesi ya usingizi ya naitrasi inazimwa mara moja, manake yenyewe inaingia kwa kiputo na kukivimbisha. Atropini, dawa ya kuharakisha mapigo, ikaingia, dripu ikafunguliwa, dawa ya kupandisha presha ikaanza, na kwa vile katheta ya kuusukuma moyo kwa umeme ilikuwa tayari ndani, mapigo yakashikwa nayo. Presha ya juu hapa ni tiba yenyewe, damu ikisukuma kwa nguvu inakivunja kile kiputo na kukipitisha. Dakika 6 baadaye ule mstari ukalala. Mara nyingi ya moyo huisha hivyo, kwa dakika. Ikikataa, wanaingia kwa mshipa wenyewe na katheta nyembamba wanavuta hewa ama wanaisukuma na maji ya chumvi, na moyo ukisimama, kifua kinakandamizwa kama kawaida, na kule kukandamiza kwenyewe husaidia kuvunja viputo.

Kitu kimoja watu wa zamani bado wanakifundisha visivyo ni kumlaza mgonjwa kichwa chini, ubavu wa kushoto. Hiyo ilielezwa na Durant mwaka 1947 na ni ya hewa iliyo upande wa kulia wa moyo, inasaidia kuiweka mbali na njia ya kwenda mapafuni. Hewa ikishavuka kushoto, mkondo wa damu ni mkali kuliko huo ujanja wa kuinamisha kitanda, na kichwa kikiwa chini ubongo unavimba zaidi. Mlaze flati, basi.

Ya ubongo ndio ngumu zaidi. Aliye macho utamuona ghafla anachanganyikiwa, mkono unalegea, anaanza degedege. Aliye na usingizi kamili hawezi kukuambia kitu, unagundua wakati wa kuamka, dawa zimezimwa lakini hajibu, ama anasogeza upande mmoja tu. Ndio maana baada ya ablesheni tunasumbua watu, kamata kidole changu, inua mguu, tabasamu. Siti skani ifanywe mapema, hewa inaweza kuonekana kama vidoti vyeusi, na ikikawia inayeyuka na picha inatoka safi ilhali mtu ana kiharusi. Kwa hivyo siti safi haitoshi kusema hakukuwa na hewa.

Tiba bora kwa huyo ni chumba cha presha, kile cha wapiga mbizi. Presha ikiongezwa kiputo kinapungua, hiyo ni sheria ya Boyle ya tangu 1662, na kwa mara 2.8 ya presha ya pwani, sawa na kuzama mita 18 baharini, kinabaki kama theluthi moja ya ukubwa wake, huku oksijeni ikilazimishwa kuingia hata kwa nyama ambayo damu haifiki. Inasaidia zaidi ndani ya masaa 6. Lakini vyumba vya namna hiyo si vya kila hospitali, kwa hivyo swali la "kiko wapi na tutamfikisha aje" linafaa kujibiwa kabla ya siku ya kazi, sio mgonjwa akiwa anatetemeka mezani. Na usafiri wenyewe una mtego. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, presha yetu hapa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa, na ndege ikipaa presha ya ndani inaweza kushuka zaidi na kiputo kikapanuka. Mgonjwa kama huyu akitolewa pale uwanja wa ndege wa Wilson, rubani lazima aambiwe kuna hewa kwa ubongo, ili aruke chini ama aweke presha ya ndege iwe kama ya usawa wa bahari.

Mpaka hapo tumekuwa chumbani, na wataalamu, na mashine. Lakini kuna hewa ya pili ambayo inanitia hofu kuliko hiyo yote, juu inakuja mtu akiwa nyumbani. Ukuta wa nyuma wa chumba cha kushoto ni mwembamba na umegusana na umio, paipu ya chakula. Ule moto wa ablesheni ukipita kiasi, nyama ya kati inaungua bila mtu kujua, na baada ya wiki 2 mpaka 4, wakati mwingine hadi miezi 2, tundu linafunguka kati ya umio na moyo. Sasa kila akimeza, hewa, chakula na wadudu wana njia ya moja kwa moja mpaka ubongoni. Ni nadra kabisa, nadra kuliko ile ya kwanza, na hii teknolojia mpya ya mapigo ya umeme mpaka sasa imeonekana kuuhurumia umio, lakini ikitokea bila upasuaji wa haraka wengi hufariki.

Na fikiria inavyoanza. Homa, kutetemeka, kumeza kunauma, kifua kinauma. Hapa Nairobi homa na kutetemeka inapimwa malaria, inapimwa taifodi, unapewa antibiotiki unarudi nyumbani. Wengi wamefanyiwa India, wamerudi, daktari wa mtaani hajui kabisa kuna kitu kilifanywa kwa moyo, kovu lenyewe ni kadoti kwa kinena. Alafu mtu akisema kumeza kunauma anatumwa endoskopi, ule mpira wenye kamera unaopitia kooni, na hapo ndipo janga, manake endoskopi hupuliza hewa ili kufungua umio, na ile hewa inasukumwa kupitia lile tundu hadi ndani ya moyo. Watu wamepata kiharusi kikubwa hapo hapo kwa meza. Kinachofanywa ni siti skani ya kifua yenye dawa ya kuonyesha mishipa, hakuna kumeza kitu, hakuna kuingiza mpira kwa koo, na daktari wa upasuaji wa moyo anaitwa.

Kwa hivyo ankol alipotoka nilimwandikia anti karatasi kwa Kiswahili na Kiingereza. Amefanyiwa ablesheni chumba cha kushoto tarehe fulani. Kwa siku 60, homa, shida ya kumeza, ama mkono kulegea ni dharura. Asifanyiwe endoskopi kabla ya siti ya kifua na kabla ya kuongea na daktari wake wa moyo, na namba ikawekwa. Dawa ya kupunguza asidi anywe mpaka mwisho hata kama hasikii kiungulia.

Wiki ya 3, usiku kitu saa tatu, anti akanipigia. Ankol anasikia moto kifuani akimeza chai, hana homa, na kliniki moja karibu na kwao imempangia endoskopi Ijumaa. Nikamuuliza, "Umewaonyesha karatasi?" Akanyamaza kidogo. "Nilidhani ni ya hospitali kubwa tu." Usiku huo huo wakaenda, karatasi mkononi, siti ikafanywa, hakukuwa na hewa mahali haifai wala tundu, daktari akasema arudi mara moja homa ikianza hata kama picha ni safi leo, na tukagundua dawa ya asidi aliiacha siku ya 10 juu alijisikia poa. Akaianza tena. Karatasi sasa iko ndani ya plastiki pamoja na kitambulisho chake, na kwa kalenda ya jikoni anti anafuta siku moja moja kwa kalamu nyekundu, jana alikuwa amefika 47.